Kuhama na watoto wanane Tabata mpaka Kibaha: maoni yangu kwa kampuni ya kuhamisha vitu

Naandika hii kwa ajili ya wenye familia kubwa maana maoni mengi ninayoyaona kuhusu hizi kampuni za kuhamisha vitu yameandikwa na watu wa kitanda kimoja, friji na tivii, mzigo unaenea kwenye kirikuu moja, saa nne asubuhi mtu keshafika anaweka nyota tano anajipumzikia. Sisi tuko watu kumi. Mimi, mzee, na watoto wanane, sita nimewazaa na wawili wa marehemu dada yangu, mkubwa yuko kidato cha tatu na wa mwisho ndo kwanza anasimama dede. Jina la kampuni siliweki kwa sababu kuna suala la kabati bado tunaongea nao, ila huduma yenyewe naieleza yote kama ilivyokuwa, nzuri na mbaya.

Kwanza mjue kwa nini tulienda mbali hivyo. Nyumba tuliyokuwa tunakaa Tabata mwenyewe aliiuza, tukapewa notisi, tukaanza kuzunguka na madalali. Jamani mwenye watoto wengi hapa Dar anajua ninachosema, dalali anakuchangamkia vizuri kabisa, nyumba ipo, choo cha ndani kipo, maji yapo, mara anauliza "mama mko wangapi?" ukimjibu tu simu inakuwa nzito. Wengine wanasema wazi mwenye nyumba hataki watoto, watajaza choo, wataharibu ukuta. Mtu anayetaka kodi ya miezi sita mkononi anakuchagulia idadi ya kuzaa! Inaumiza sana na sijaizoea mpaka leo. Mwisho tukapata stendi aloni Kibaha, upande wa Picha ya Ndege, vyumba vitatu na uwanja wa watoto kukimbia, kwa hela ambayo Tabata tungepewa vyumba viwili na majirani wa kugombania kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo safari ikawa ya kutoka mkoa kwenda mkoa, Kibaha ni Pwani wakuu, na hapo ndo nikaamua hii kazi siwapi watu wa kijiweni.

Maana kijiweni nilianzia huko huko. Canter moja mpaka Kibaha niliambiwa 180,000, gari na dereva tu, vibarua wa kubeba ujitafutie mwenyewe, na kwa vitu vyetu ilikuwa lazima iende mara mbili. Piga hesabu hapo, weka vibarua wa kupakia Tabata na wengine wa kushusha Kibaha, weka muda. Kampuni walisema 420,000 kwa Fuso moja, safari moja, vijana watano, maboksi, nailoni ya kuzungushia na kufunga na kufungua vitanda. Kwa juu juu unaona ghali lakini kwa mzigo wa watu kumi hesabu zinakaribiana kabisa, na kwa kampuni kuna mtu wa kumshika shati kitu kikiharibika.

Kilichonifanya niwakubali hawa ni msimamizi wao. Wengine wote niliowapigia waliuliza kwenye simu "mna vitu gani" wakataja bei. Huyu kaka alikuja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akapita chumba kwa chumba na daftari, halafu akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu wa mizigo: "Mama, watoto wanalala wapi usiku wa siku hiyo, na nani anawahi kulala?" Nikamwambia wawili wa mwisho saa mbili hawapo tena, na mmoja ana pumu vumbi halimfai. Akaandika yote. Mi hapo nikajua nimepata mtu anayehamisha familia.

Na kweli siku yenyewe gari lilipakiwa kwa hesabu ya hayo majibu. Kwa kawaida vijana wa magari wanaanza na magodoro, wanayatandika kuzuia makabati yasisuguane, mkifika usiku mmechoka godoro liko chini kabisa ya Fuso na juu yake kuna kila kitu ulichowahi kununua tangu uolewe. Huyu aliviringisha magodoro yote nailoni, akayaweka pembeni ya ukuta, akasema hayo yanaingia ya mwisho. Pamoja nayo likaingia boksi moja lililoandikwa USIKU kwa maka pen nyekundu, ndani tukaweka sufuria kubwa, sahani za plastiki, unga, vyandarua, ndoo, sabuni, taa ya kuchaji na nguo za kulalia. Jiko la gesi nalo lilikaa mlangoni, mtungi umefungwa koki, umetolewa regulata, na umefungwa kamba usimame wima. Tulivyofika Kibaha vitu vya kwanza kushuka vilikuwa hivyo, kabla hata sofa halijagusa chini watoto wadogo wamelala kwenye chandarua na ugali uko jikoni. Wenye watoto wawili hamtaelewa kwa nini nalisifia hili hivi, wenye watoto wanane mnanielewa.

Jambo jingine ni vitanda. Tuna vitanda vya deka vitatu, vya chuma, na deka ina nati kama nini. Kijana mmoja, mwembamba hivi mpole, alipewa kazi hiyo peke yake. Kila kitanda alichofungua alichukua nati na bolti zake zote akazitia kwenye mfuko mdogo, akaufunga mfuko kwenye chuma cha kitanda chenyewe kwa waya. Chaga akaziandika kwa chaki namba na herufi, chaga za kitanda cha wasichana hazikuchanganyika na za wavulana. Kibaha alivifunga vyote na hakuna nati iliyobaki mkononi, vimesimama imara mtoto akipanda juu havilii. Nimeshahama huko nyuma na mafundi wa mtaani na nilibaki na deka inayumba mwaka mzima kwa sababu ya bolti mbili tu zilizopotea kwenye majani, kwa hiyo huyu kijana nilimpa asante yake mkononi mbali na hela ya kampuni.

Nguo zilikuwa kwenye mifuko ya shangazi kaja, kila mtoto na wake, msimamizi akashauri tuandike jina pande zote mbili. Hilo hata msipokuwa na kampuni lifanyeni. Nilikuta mabinti wameshapanga nguo zao wenyewe wakati mi nahangaika na vyombo.

Halafu lugha. Hii naiweka kwenye maoni kwa sababu ni sehemu ya huduma. Vijana wa kubeba mizigo wengi wakichoka midomo inafunguka, matusi, vicheko vya ajabu, na wewe una mabinti hapo wamesimama. Hawa sikusikia neno baya hata moja. Wanangu waliwaita anko, na wa miaka mitano alivyokuwa anazagaa zagaa miguuni mwao wamebeba friji hawakumfokea, mmoja akampa rimoti zote kwenye kibegi akamwambia "we ndo mlinzi, kaa hapa usitoke", akakaa kweli, kibegi hakukiachia mpaka Kibaha. Friji yenyewe ilibebwa wima na wakaniambia nisiiwashe papo hapo niiache itulie masaa kadhaa, sawa kabisa na fundi wangu wa friji anavyosemaga.

Sasa mabaya, na sio madogo.

La kwanza kuchelewa. Tulikubaliana saa kumi na mbili asubuhi ili tuwahi kabla jua halijawa kali. Wakaja saa tatu na nusu. Nikipiga simu ofisini dada anasema "wako njiani mama" kila mara hivyo hivyo. Mtu anayeishi peke yake masaa matatu ni ya kuchati tu, kwangu mimi vyombo vimeshafungwa, jiko limeshafungwa, watoto wamekunywa chai alfajiri wakijua wanaondoka, saa mbili njaa imerudi, mdogo analia, wakubwa wameanza kugombana na jirani anachungulia. Nikaishia kununua maandazi na vitumbua vya hela nyingi tu. Baadaye ndo tukajua Fuso lilikuwa na mzigo wa mtu mwingine asubuhi hiyo. Hilo ni kosa la ofisi, vijana hawana hatia, na ofisi mpaka leo haijaniomba radhi.

La pili kabati la nguo, la milango mitatu, lile la mbao za kubandika. Niliwaambia lifunguliwe. Wakasema litapita hivyo hivyo. Likapita mlangoni Tabata, likafika Kibaha, kwenye kulishusha kona ya chini ikachanika na mlango mmoja haufungi mpaka leo. Makabati ya namna hii jamani yasibebwe mazima, ukiliinua skrubu zinang'oka kwenye ile mbao laini halafu hazishiki tena. Meza yetu ya mninga ilirushwa rushwa hapo haikupata hata mkwaruzo, lakini kabati la dukani linataka adabu. Wamesema watamleta fundi. Nasubiri.

La tatu hela ya juu. Barabara ya lami hamna tatizo, Morogoro Road kuanzia Kimara mpaka Kibaha imepanuliwa safari ni fasta ukilinganisha na zamani, shida ilikuwa kuingia mtaani. Mvua ilinyesha jana yake, dereva akakataa kuingiza Fuso kwenye njia ya kwetu, akasimama mbali kidogo na geti, halafu anasema kubeba kwa umbali huo ni 50,000 nyingine. Mizigo iko juu ya gari, giza linakuja, watoto wako barabarani, hapo ndo wanapokushikia. Nikatoa simu nikamuonyesha ujumbe wa watsap ambao ofisi iliandika "bei ni pamoja na kupakia na kushusha mpaka ndani". Mzee akampigia msimamizi, wakaongea, ikaishia 20,000. Dereva kutoingia kwenye tope namuelewa, Fuso likizama pale ni balaa lingine. Ila jambo la njia mbovu linasemwa mapema, wanaulizwa watu kabisa "gari kubwa linafika mlangoni?" ili bei ijulikane kabla mtu hajafunga mzigo.

Halafu watoto wenyewe kampuni haibebi, kichwa cha gari ni cha wafanyakazi na mtu mmoja wa familia basi. Na wasidanganywe watu wakapandisha watoto nyuma juu ya mizigo, ni hatari na trafiki akikuona ni kesi. Sisi tulikodi Noah kwa mtu tunayefahamiana naye, dawa za pumu, kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa na hela viko kwenye pochi yangu mimi. Hiyo Noah iwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuna mambo mawili pia hayahusu kampuni ila yatawakuta. Luku ya nyumba iliyokaa bila mtu, umeme wa kwanza mtakaonunua unaweza kukatwa hela nyingi mkashangaa, maana kodi ya jengo inakatwa humo tangu 2021, sasa hivi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na miezi ambayo hakuna aliyenunua inajikusanya inawasubiri nyie. Ni kodi ya mwenye nyumba hiyo, muulizeni kabla hamjalipa pango mkubaliane nani anaibeba. La pili shule, wanaosoma msingi tuliwaanzia uhamisho mapema kwa mwalimu mkuu na wakapokelewa, ila wa darasa la saba ameshasajiliwa mtihani kule kule kwa hiyo tumemuacha Tabata kwa mama yake mdogo mpaka amalize. Deka yake iko imetandikwa huku inamsubiri.

Nyota, kwa vijana wa kazi na msimamizi natoa tano bila kufikiria. Ofisi yao naipa nyota mbili tu. Ningewachukua tena? Ndio, na shemeji yangu anayehama mwezi ujao nimempa namba, ila nimemwambia asimalizane na ofisi kwenye simu, amng'ang'anie yule msimamizi aje mwenyewe kuangalia nyumba zote mbili, muda wa kufika uandikwe na kuchelewa kukatwe kwenye hela, wajibu kwa maandishi kama gari linafika mlangoni, na kabati lolote la mbao za kubandika lifunguliwe mbele ya macho yake kabla halijatoka chumbani. Na asilipe yote. Sisi tulilipa nusu asubuhi nusu baada ya kushusha, na hiyo nusu ya pili ndo iliyomfanya dereva ashuke kutoka 50.