Dola moja ni dola moja: yaliyonikuta kwenye maonyesho ya kadi

Nimejipa siku kadhaa kabla ya kuandika haya, maana ningeandika usiku uleule mngesoma matusi. Hata sasa sina hakika kama nimepoa. Tuone.

Ni yale maonyesho makubwa ya kadi za wachezaji, yanayokusanya wauzaji wa majimbo matatu manne ya huku Marekani. Kutoka kwangu ni mwendo wa saa tatu kwa gari. Mambo ya tiketi na maegesho mtayaona wenyewe mtandaoni. Mimi nina neno na meza moja tu, kati ya mamia yaliyokuwa ukumbini.

Kwa asiyezijua: ni vikadi vya ukubwa wa kiganja, picha ya mchezaji mbele, takwimu zake nyuma. Nilipofika Marekani niliona ni utoto mtupu. Mtu mzima na ndevu zake anabishana nusu saa kuhusu kona ya kadi iliyochubuka kidogo, kona ambayo mimi hata nikivaa miwani siioni! Kisha mwanangu akaniambukiza. Yeye ni Pokémon, zile kadi za katuni za Kijapani, mimi nina mchezaji mmoja tu wa kikapu, na Mtanzania yeyote ameshamjua: Hasheem Thabeet.

Juni 2009 kijana wa Dar alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, akaenda timu ya Memphis Grizzlies. Wa pili, jamani. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba, na hao ndio waliokuja kuwa nyota wakubwa. Mimi nilikuwa bado Bongo. Ilishapita saa nane usiku, tumejazana watu sita kwenye chumba cha mwenzetu Upanga, tunaangalia kwenye kompyuta yenye intaneti ya kusuasua. Kamishna akaanza kusogelea kipaza sauti, picha ikaganda. Ilipoachia, jamaa yuko jukwaani na kofia ya Memphis kichwani. Jina likitajwa hatukulisikia kabisa. Tulipiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja kugonga dirisha.

Yaliyofuata nayajua, msinikumbushe. Najua kwamba kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alishushwa kwenye ligi ya chini kule Dakota. Najua Wamarekani wakitaja drafti zilizoharibika jina lake halikosekani. Sawa. Kwani nimemwomba mtu maoni?

Tulikwenda watatu: mimi, mwanangu, na mwenzangu wa kazini, Mkongomani wa Bukavu, yeye akimtafuta Dikembe Mutombo, nyota wa kikapu wa kwao Congo. Hatujamaliza hata safu ya kwanza, mwenzangu ameshapata: Mutombo wa mwaka wake wa kwanza, jezi ya Denver, dola tatu. Muuzaji, mzee wa makamo ya baba yangu, aliposikia huyu ni mtu wa Congo alivua kofia akampa pole, wakati Mutombo alifariki Septemba 2024, si jana. Wakasimama pale wanasimuliana ile ya 1994, Mutombo amelala sakafuni amekumbatia mpira baada ya Denver kuwang'oa Seattle kwenye mtoano. Nikajisemea, kumbe watu wa humu ni wastaarabu. Ningeishia hapo nikarudi nyumbani, leo ningekuwa nawapa nyota tano.

Meza ninayoisema mimi ilikuwa karibu na vyoo. Jamaa ana kadi za kikapu tele, za bei mbaya zimefungwa kwenye makasha ya plastiki, zimepewa gredi ya ubora, zinang'aa chini ya taa. Curry wa mwaka uleule wa 2009 amewekwa katikati kama bibi harusi. Nikamsalimia vizuri, nikamuuliza kama ana Thabeet.

Alicheka. Si kutabasamu, alicheka, kisha akamgeukia jirani yake wa meza ya pili: "Huyu anamtafuta Thabeet!" Naye akacheka. Akaninyooshea mguu, naam, mguu, kunionyesha boksi refu la karatasi lililokuwa chini ya meza. "Angalia kwenye takataka humo."

Nilimeza. Nikapiga magoti. Boksi lina kadi zaidi ya elfu zimesimama wima, unazipitia kwa kidole gumba kama karani wa benki anayehesabu noti, na mbele yake kimebandikwa kikaratasi kwa selotepu: KILA KADI DOLA 1. Kwa karibu dakika arobaini nilikuwa sakafuni, watu wananiruka kwenda msalani. Nikapata Thabeet mbili za kawaida. Sawa. Kisha karibu na mwisho wa boksi, kidole kikagota kwenye kadi nene kuliko nyingine. Nikaitoa. Thabeet, Memphis, namba 34, na katikati ya kadi kuna kidirisha chenye kipande cha jezi ya bluu. Kitambaa kweli, kina vitundu vidogo vidogo, ukikipitishia ukucha unavisikia.

Kosa langu ni hili: nilifurahi kwa sauti. Nilisema "Wallahi!" nikainuka, nikaipiga picha kadi niwatumie wenzangu wa Upanga.

Jamaa akanyoosha mkono akaichukua kadi mkononi mwangu. Akapekua simu yake. "Hii iliingia humo kwa bahati mbaya. Hii ni dola 20."

Mwanangu, ambaye Kiswahili anakitumia kwangu tu tena kwa kulazimishwa, akaniambia kwa Kiswahili safi: "Baba, si wameandika kila kadi dola moja?" Nikamtafsiria yule jamaa. Akajibu, na haya nayanukuu kama yalivyo kichwani mwangu: "Shukuru kwamba bado kuna mtu anampangia bei."

Sasa niwe mkweli. Inawezekana kabisa kadi iliingia mle kwa bahati mbaya. Kadi ya kipande cha jezi mara nyingi haikai boksi la dola moja, na kila mtu mle ndani anapanga bei kwa kuangalia zilivyouzika eBay, lile soko la mtandaoni, siku za karibuni, ndiyo desturi yao. Labda hata mimi ningekuwa na meza ningefanya hivyo. Lakini dakika arobaini alikuwa akiniangalia nikitambaa! Thamani ya kadi aliiona kwenye uso wangu tu. Mimi nimekulia Kariakoo, kupandishiwa bei si kitu kigeni kwangu. Ila mtu wa Kariakoo anakupandishia mapema, anakuita bosi, anakuuliza watoto hawajambo, mnavutana, mnacheka, unaondoka umepigwa na bado unampenda. Hakuchekei ndugu yako kisha akakuuzia.

Mnataka kujua nilifanya nini. Niliondoka kwa hasira, nikafika mpaka kwenye meza za vinywaji, nikakaa, nikarudi. Nikatoa dola 15. Akakubali bila hata kubishana, na hapo ndipo nilipojua nimeliwa. Mkongomani wangu alinitazama tu, akasema, "Ndugu, twende."

Usiku nyumbani nikaingia eBay. Kadi ileile, siku chache nyuma, imeuzwa dola sita.

Ningewaambia msiende kabisa, lakini kuna jambo jingine. Wakati mimi natambaa, mwanangu alikutana na mtoto wa Kimarekani wa rika lake mwenye sanduku la kadi za Pokémon lenye kufuli, kama la mhasibu. Wakapanga kadi zao zulia zima. Yule mtoto akamwambia wangu, "Hapana, hiyo usinipe, ina thamani kuliko hii yangu, utapunjika," akaongeza mbili ili ziwe sawa. Mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na mbili! Ningemjua mama yake ningempelekea maandazi. Ndiyo maana nikisema ukumbi mzima ni wezi nitakuwa nawadhulumu, akiwemo yule mzee wa Mutombo.

Basi nyota moja. Hapana, mbili na nusu. Hebu subiri, nimeitazama tena kadi, ipo hapa mezani imeegemea kikombe cha chai, na nikikumbuka ule mguu wake unaoelekeza chini ya meza, inarudi kuwa moja.

Mwanangu anauliza ya mwaka ujao tunaenda lini. Nimemwambia tutaona, naye anajua maana ya tutaona yangu, ameshaanza kupanga kadi zake. Kama kuna yeyote kati yenu mwenye Thabeet wa enzi za chuo, akiwa na jezi ya UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, nipo tayari kununua. Kwa bei iliyoandikwa.