Tishari la Kigoma–Bujumbura: chumvi ndiyo, vingine pigeni hesabu kwanza

Nanunua chumvi Uvinza na kuiuza Burundi, na mzigo wangu naugawa: mwingine lori, mwingine tishari. Wenzangu wa soko la Mwanga wananiuliza sana kuhusu tishari, chombo kipana cha mizigo cha Ziwa Tanganyika, linalopakia hapa Bandari ya Kigoma, basi haya ndiyo niliyoyaona.

Kwa tani moja, bei ya tishari iko chini ya lori kwa mbali. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki inaishia tani 56, gari pamoja na mzigo, kwa hiyo semi, yaani lori la tela, ikibeba tani 30 ni magunia 600 ya kilo 50, na haiongezi mengi juu ya hapo. Tishari linachukua mzigo wa malori kadhaa kwa injini moja. Halafu lori likishusha Bujumbura mara nyingi linarudi tupu, na dizeli ya kurudi anailipa mwenye chumvi, hata kama haionekani kwenye risiti.

Ila bei hiyo ni ya majini tu, na hapo ndipo wengi wanaumia. Lori linapakia Uvinza, linapita Kasulu, Manyovu, Mugina, linashuka Nyanza-Lac na Rumonge, turubai linafunguliwa mlangoni kwa mteja. Kwa tishari, gunia linashushwa ghalani Kigoma, linapandishwa gari la kwenda gatini, makuli wanalishusha, wanalipanga chomboni, na Bujumbura mambo ni yale yale kinyumenyume. Kila mkono unaolishika unalipwa, na mikono ikizidi magunia yanachanika. Ongeza tozo za bandari pande mbili. Ukiwa na mzigo wa lori moja, faida yote ya majini inaishia kwa makuli. Ukiwa na wa malori matatu au zaidi, tishari linashinda bila ubishi.

Tangu Burundi ianze kukosa mafuta, lori limezidi kupanda. Madereva wanajaza matangi huku kwetu na wanatoza kwa hofu ya kukwama huko, na siwalaumu.

Sasa huduma yenyewe. Karani wao nampa maksi zote: anahesabu magunia pamoja nawe, anaandika yaliyochanika kabla hujasaini. Chini wanaweka mbao, juu turubai mbili. Kwa chumvi hilo ni jambo kubwa, maana ikinywa unyevu inaganda na mteja anakata bei. Kinachoniudhi ni siku ya kuondoka. Tishari haling'oi nanga mpaka lijae, na ukipiga simu unaambiwa “kesho” bila aibu. Mtaji wangu unalala gatini huku wa lori wameshauza na kurudi kununua. Wangetangaza tarehe na kuiheshimu, ningelipa zaidi kidogo kwa moyo mweupe.

Kwa hiyo sabuni au mafuta ya kupikia ambayo mteja anayangojea dukani, pakieni lori. Chumvi haiozi, inaweza kungoja. Wanaopeleka Kalemie, ng'ambo ya Kongo, hawana hata cha kuchagua: kwa barabara ni kulizunguka ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 670, na chumvi ya Uvinza ilivushwa kwa mitumbwi kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914.

Mkienda kuulizia, dai bei iliyoandikwa ya kila hatua: kupakia, gati, kushusha Bujumbura, na siku ngapi ghala ni bure. Wakisema “tutaelewana”, ondokeni. Mimi shehena yangu ijayo nimewapa tena, isipokuwa magunia ya mteja wa Gitega. Gitega iko milimani, mzigo ukishushwa Bujumbura utahitaji lori vilevile, basi bora upande lori tangu Uvinza.