Wiki kadhaa na "Maisha" ya The Zawose Queens

Mara ya kwanza niliisikiliza vibaya albamu hii ya muziki wa Kigogo. Nilikuwa kwenye daladala ya Mbezi, saa mbili usiku, nimesimama, kisikizio kimoja sikioni na kingine kinaning'inia kifuani. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, nikajiuliza: mbona ilimba, kile chombo chetu cha ubao na vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, siisikii? Nilipofika nyumbani nikaoga, nikazima taa, nikavaa hedifoni kubwa za mdogo wangu na kuanza upya. Kumbe ilimba ilikuwamo muda wote, kelele za konda na injini ndizo ziliimeza. Nililala saa saba usiku na kesho yake ilikuwa siku ya kazi.

Kwa asiyewafahamu, mbele ya kundi hili wako Pendo na Leah Zawose. Wote ni damu ya Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyeitoa ilimba Dodoma akaipeleka kwenye majukwaa ya dunia, akaishi na kufundisha Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003. Albamu ilitoka Juni 2024 kupitia Real World, lebo ileile iliyomtoa Mzee miaka ya tisini. Maprodyuza ni Oli Barton-Wood na Tom Excell wa Uingereza. Nilipoona majina hayo niliingia hofu kidogo. Nimeshasikia ngoma zetu nyingi zikipelekwa studio zikarudi hazina jasho.

Hii imerudi na jasho lake. Niseme kwa nini nasema hivyo.

Ilimba haiwi ilimba kwa sababu ya vyuma tu. Ndugu mmoja wa babu yangu, Mpwapwa, alikuwa nayo, na nilipokuwa mtoto ndiye aliyekuwa akinituma kutafuta utando wa buibui ukutani. Si ule wa nyuzi. Ni ule mweupe, wa mviringo kama sarafu, ambao buibui hufunikia mayai yake. Unaubandua taratibu kwa ncha ya kisu, ukichanika umeharibu, halafu unabandikwa kwenye tundu la ubao. Bila huo ilimba inalia kavu. Ukiwepo, kila noti inabeba mvumo nyuma yake kama nyuki ndani ya mzinga. Sasa mafundi wengi wa studio wakisikia mvumo ule wanadhani ni uchafu wa sauti, wanausafisha. Kwenye "Maisha" wameuacha. Besi nzito imewekwa chini yake, ngoma za mashine zimeingia hapa na pale, lakini mvumo upo palepale. Hapo ndipo walinipata.

Halafu sauti. Wagogo hatuimbi sauti moja. Mmoja anaanzisha, wa pili anapanda juu yake, wa tatu anateremka, na ukijaribu kumfuata mmoja tu unapotea. Miaka yote wanawake wa ukoo huu tuliwasikia nyuma, kwenye kuitikia. Muheme ndiyo ngoma yetu wanawake, ila ilimba na zeze zilikuwa mikononi mwa wanaume. Humu kina dada wenyewe ndio wanaoongoza, na unasikia kabisa kwamba walikuwa na mengi ya kusema. Wimbo uliobeba jina la albamu nimeshausikiliza mara nyingi kuliko zote. "Sauti ya Mama" nausikiliza nikiwa peke yangu tu, maana unanitoa machozi na sitaki kuulizwa.

Kasoro ninayoiona mimi: kuna sehemu mashine zinamfunika mpiga zeze, na zeze ni chombo chenye aibu, kinataka kupewa nafasi. Ningependa pia wimbo mmoja mzima wa ilimba na sauti mbili basi, bila kitu kingine. Na kule ninakosikilizia hakuna maneno yaliyoandikwa. Kigogo changu ni cha kusikia kuliko kusema, kwa hiyo mistari kadhaa ilinipita mpaka nilipompata wa kunieleza.

Huyo wa kunieleza ni bibi. Mwezi wa nane nilipanda treni mpya ya umeme mpaka Dodoma, nikaunganisha basi kwenda Mpwapwa, nimebeba spika ndogo ya kuchaji kwenye begi. Baada ya kusalimiana, mbukwenyi, salamu zetu za Kigogo, zikaisha, nikaiweka spika juu ya kigoda, bibi akiwa anapeta karanga. Wimbo wa kwanza hakusema kitu. Wa pili mkono ukasimama. Akauweka ungo chini, akavuta ndoo tupu ya plastiki, akaigeuza, akaibana katikati ya mapaja kama muheme unavyobanwa, akaanza kupiga kwa viganja. Bibi yangu ana miaka themanini na kitu. Sijawahi kumwona akipiga. Hadithi nilizisikia, ila kuona ni siku ile.

"Hao ni watoto wa nani?" akauliza kwa Kigogo.

"Wa Zawose, bibi. Wa Bagamoyo."

"Yule wa ilimba?"

"Ndiye."

Akapiga mpaka wimbo ukaisha, kisha akasema wanapiga vizuri lakini wana haraka, muheme hauendeshwi hivyo. Halafu akataka urudiwe. Tukaurudia mara nne. Jioni mama wa jirani wawili wakaja na vigoda vyao, na ile mistari iliyokuwa inanipita wakanifafanulia mmoja mmoja, wakibishana katikati juu ya neno moja ambalo Mpwapwa linasemwa hivi na upande wa Bahi vile.

Ushauri kwa anayetaka kuianza: usiisikilize kwa spika ya simu. Tafuta hedifoni au spika yenye besi, anza na "Maisha" wenyewe, na usiruke nyimbo za Kigogo kwa sababu huelewi. Redio ninazozisikia mjini hazijapiga hata wimbo mmoja wa albamu hii, na hilo linaniuma, kwa sababu wageni wanaujua muziki huu kuliko vijana wa Dodoma.

Bado naisikiliza kila siku, ila kwa hedifoni. Spika niliiacha Mpwapwa. Bibi alishajifunza kuiwasha.