Chombo cha Kubebea na Kupimia Oili ya Ndege Ndogo: Kipi Ununue, Kipi Ukiache Dukani

Mwenye haraka achukue jibu hapa: nunua oili iliyo kwenye chupa ndogo za kiwandani, pamoja na faneli ya shingo ndefu ambayo haitafanya kazi nyingine yoyote. Hela ikibaki, ongeza jagi la kupimia lenye kifuniko. Mengine nitayasema, lakini mengi ni kujisumbua.

Nazungumza na wenye ndege za pistoni: Cessna 172, 182, 206, Piper na jamaa zake. Caravan zinazopiga tripu za Zanzibar zina injini ya tabaini, PT6A, na oili yake ni sintetiki ya aina nyingine kabisa. Vyombo vyake visikutane na vyako. Na oili ya gari, hata iwe ya bei mbaya, usiiweke kwenye injini ya ndege hizi, iwe Lycoming au Continental. Viambato vyake huacha majivu ndani ya silinda.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo watu huchemsha. Dipstiki za injini hizi zimechorwa kwa kwarti, wakati majagi ya Kariakoo yamechorwa kwa lita. Kwarti moja ya Kimarekani ni mililita 946, nusu yake 473. Ukimimina lita ukaandika kwarti, umezidisha mililita 54. Siyo nyingi, lakini rekodi yako ya matumizi ya oili inakuwa ya uongo, na rekodi hiyo ndiyo hukuonyesha mapema kwamba ringi za pistoni zimeanza kuchoka. Kwa hiyo jagi lolote utakalonunua, lipige mistari miwili kwa nje, kwenye 473 na 946. Wino wa maka peni hufutika ukiguswa na oili. Rangi ya kucha inang'ang'ania. Nyekundu inaonekana hata jioni.

Wala usijaze hadi juu kwa kupenda tu. Cessna 172S inabeba kwarti 8. Kitabu chake kinakataza kuruka ikiwa chini ya 5, na kinataka 8 kwa safari ndefu. Kwa mizunguko mifupi wengi huishia 6 au 7, kwa sababu ile ya juu kabisa mara nyingi hutapikwa kupitia bomba la kupumulia la injini na kupaka tumbo la ndege. Kama unafuta tumbo kila ukitua, chunguza kwanza unajaza kiasi gani kabla ya kununua chombo kipya.

1. Chupa ya kiwandani na faneli ya shingo ndefu

Chupa yenyewe tayari ni kipimo, na imefungwa. Soma lebo tu: AeroShell W100, kwa mfano, hupatikana kwa chupa za kwarti na za lita, inategemea ilikotoka. Faida kubwa unaiona angani. Kwenye futi 8,000 hewa iliyo ndani ya chombo hutanuka kwa theluthi na zaidi kidogo, kwa hiyo jagi lililozibwa kwa kizibo cha kusukumiza litatema oili kwenye mizigo yako. Chupa ambayo lakiri yake haijakatwa inavimba kidogo, basi. Zisimamishe ndani ya ndoo ndogo yenye kifuniko, uifunge isicheze.

Faneli ndiyo ya kuchagua kwa makini. Kwenye 172 unamiminia kupitia kimlango kidogo juu ya boneti, na mdomo wa kujazia uko chini kidogo, umezungukwa na vitu vya moto. Oili ikidondokea ekzosi itafuka moshi, na ikiwa nyingi unaalika moto. Tafuta shingo ya sentimita 30 hivi, nyembamba kiasi cha kuingia bila kukwama, yenye mbavu kwa nje ili hewa ipate pa kutokea. Bila mbavu hizo oili hugoma, halafu hurudi juu ghafla. Ukimaliza, ifute na uitie kwenye mfuko wa zipu.

2. Jagi la kupimia lenye kifuniko na mdomo wa kupinda

Hili linafaa kwa ndege inayolala Dar, au klabu inayonunua oili kwa madumu makubwa. Safarini silipendi. Pale Gerezani, kwenye maduka ya vipuri vya magari ya Dar, utaambiwa, "Bosi wangu, hii inaingia gari zote." Sawa, lakini mwambie alifungue. Chungulia mikunjo ya ule mdomo: oili hubaki humo, na vumbi hulifuata. Kama mdomo hauchomoki kwa kuoshwa, acha. Chukua la plastiki inayopitisha mwanga. La bati, kwa unyevu na chumvi ya pwani hii, litaanza kutu kwa ndani na hutaiona mpaka imeshaingia kwenye injini.

3. Kidumu cha lita tano chenye pampu ya mkono

Hakimwagi, ni kweli. Ila ni cha polepole, kupima kwake ni kubahatisha, na mpira wa pampu una kona nyingi za kuficha uchafu. Kiachie gereji.

4. Chupa ya maji iliyokatwa

Ni ya bure, na ndiyo maana ipo kila mahali. Kisu huacha nyuzi za plastiki ukingoni, na tone la maji hujificha kwenye mikunjo ya chupa. Tena ukiibana kwa mkono wenye oili inajikunja, na mzigo wote unaenda kwenye ekzosi niliyoitaja. Hata kwa dharura, afadhali umimine taratibu moja kwa moja kutoka kwenye chupa ya oili.

Chochote utakachochagua, kiandike OILI TU kwa herufi kubwa, kisiazimwe kwa petroli ya ndege. Vitambaa viwe visivyotoa nyuzi. Vipande vya fulana kuukuu ya pamba iliyofuliwa vinatosha. Na ukirudisha dipstiki ikiwa ni ya kuzungusha, ikaze kwa vidole tu. Ukiikaza kwa nguvu injini ikiwa ya moto, kesho utatafuta koleo.