Herufi zina ukungu au meno ya msumeno? Tunachambua ClearType ya Windows

Karibuni watazamaji. Bidhaa ya leo haina boksi la kufungua, tayari imo ndani ya Windows 10 na 11 yako: ClearType, kilainishi cha maandishi cha Microsoft.

Kazi yake ni hii. Kwenye skrini nyingi bapa, kila pikseli (nukta ndogo inayounda picha) ina vijistari vitatu vilivyosimama: chekundu, kijani na bluu. ClearType inakigusa kila kijistari peke yake, hivyo mguu wa herufi m unaweza kuanzia katikati ya pikseli. Ilitangazwa 1998, Windows XP ikaja nayo ikiwa imezimwa, Vista ndiyo ikaja nayo imewashwa.

Sasa tuifungue. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cttune, piga Enter. Weka tiki kwenye kisanduku, endelea. Itakagua kwanza kama skrini iko kwenye vipimo vyake vya asili, yaani idadi ya pikseli iliyotengenezwa nayo, na hapo tafadhali usiruke! Laptopu ya 1366 kwa 768 ukiishusha hadi 1024 kwa 768 ili maandishi yawe makubwa, picha nzima inavutwa na hesabu ya vijistari inavurugika. Hapo utachagua mifano mpaka jioni na ukungu utabaki palepale. Unataka maandishi makubwa? Acha vipimo vya asili, pandisha ukuzaji hadi asilimia 125 kwenye mipangilio ya skrini.

Baada ya hapo ni kurasa tano za mifano. Ule wa kwanza, wenye vibao viwili, unahusu mpangilio wa rangi: nyekundu ianze au bluu ianze. Ukikosea, kingo za herufi zitatoa rangirangi. Kurasa zinazofuata zinahusu unene na ukolezo. Chagua ukiwa umekaa umbali wako wa kazi, si pua kwenye kioo. Wenye monita mbili, kila moja ipimwe kivyake.

Umemaliza na herufi bado zina meno? Mara nyingi kuna mtu alitaka kuipa wepesi mashine ya zamani akazima madoido yote. Rudi kwenye Windows na R, andika SystemPropertiesPerformance, kisha weka tiki kwenye mstari unaoanza na Smooth edges. Mengine yaache yamezimwa, hayana shida.

Kama ni ukungu, tazama waya. VGA hupitisha mawimbi ya analogi, na monita ikikosea kuyapanga herufi zinatoa vivuli. Bonyeza kitufe cha Auto kwenye monita, au hamia HDMI. Wanaotumia televisheni kama monita, badilisheni jina la ingizo liwe PC. Televisheni nyingi hupunguza taarifa za rangi, na ClearType inaishi kwa rangi hizohizo.

Hukumu yetu: kwenye inchi 24 ya 1920 kwa 1080, dakika mbili za cttune zinalipa kabisa. Kwenye 4K tofauti ni ndogo, pikseli zenyewe zimeshakuwa ndogo mno. Ukiisimamisha monita wima, usitarajie makubwa: vijistari vimelala, na faida ya kulainisha kwa ubavu imeondoka.

Ukishabofya kumaliza, funga kivinjari ukifungue upya kabla hujalinganisha, maana programu zilizokuwa wazi zinaweza kushikilia mipangilio ya zamani.