"Ruka tu, hadithi ni ile ile"

Naanza na neno la muuzaji wa vitabu, kwa sababu ndilo lililonikaa kooni tangu masika ya mwaka jana hadi leo. Niliagiza kwake Mombasa riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ikaja kwa basi hadi Mokowe, ikavuka kwa boti hadi kwetu Lamu. Ukurasa wa 96, ukifungua unaofuata ni wa 113. Kisha 113 hadi 128 zimepangwa mara mbili mfululizo. Nikampigia simu. Akasema kitabu kikishafunguliwa hakirudi. Nikamweleza kwamba kurasa 16 hazimo, hadithi imekatika katikati. Akanijibu: "Mama, si uruke tu? Hadithi ni ile ile."

Kuruka! Yasmin anaozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa, anatoroka, anapokelewa na Mwajuma, anampenda Denge ambaye wakoloni wanamwinda kwa siasa zake. Ndani ya riwaya hii kila kurasa chache mtu anahama nyumba, anabadili msimamo au anaingizwa kwenye siri. Ukiruka kurasa 16 ukarudi, hujui tena nani anajua nini. Anayeuza riwaya na akasema maneno yale hajui anauza nini.

Kasoro yenyewe chanzo chake kinajulikana. Mtambo huchapa kurasa nane upande mmoja wa karatasi kubwa na nane upande wa pili, karatasi ikakunjwa mara tatu, ukapata mkunjo mmoja wa kurasa 16. Mikunjo hiyo hupangwa mezani, fungu baada ya fungu. Mpangaji akichota mara mbili kwenye fungu moja na kulipita la jirani yake, hutoka kitabu kama changu: mkunjo wa saba haupo, wa nane upo mara mbili. Wachapaji makini huweka alama nyeusi kwenye mgongo wa kila mkunjo, na mikunjo ikipangwa sawa alama hushuka kama ngazi. Kidato kikikosekana huonekana kabla gundi haijapakwa. Aliyetengeneza nakala yangu hakujali, kwa sababu ilikuwa ya wizi. Vitundu vya herufi a na e vimejaa wino, dalili kwamba kimepigwa picha kutoka kitabu kingine. Maandishi ya mgongoni yamepinda upande. Na mstari wa ndani umemezwa na mgongo, mpaka ukipanue kitabu kwa nguvu ndipo usome neno la mwisho.

Na ukikipanua kwa nguvu kinafumuka. Riwaya za jalada laini siku hizi nyingi hazishonwi kwa uzi. Migongo ya mikunjo hukatwa milimita 2 au 3 ili kila karatasi iguse gundi ya moto, kisha jalada hubandikwa. Mkataji akikata juu juu, gundi hushika karatasi za nje za mkunjo tu. Za katikati hutoka mbili mbili zikiwa bado zimeungana. Kwangu ilitoka yenye ukurasa wa 119 na 120 pamoja na yenye 121 na 122, zimeshikana kama mapacha. Hata miezi miwili ilikuwa haijatimia.

Lamu gundi mbovu huumbuka upesi. Kuta zetu za matumbawe hunywa unyevu, na wengi tunapanga vitabu kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, mgongo wa kitabu nje, tumbo limegusa ukuta. Karatasi ina nyuzi, nayo ikivuta unyevu hutanuka kukata nyuzi hizo. Mchapaji akizilaza kinyume na mgongo, karatasi hutaka kurefuka mahali pale pale gundi ilipoibana, ikafanya mawimbi, ikajing'oa. Kujua nyuzi zimelala vipi, kunja ukurasa taratibu bila kuuvunja, kwanza kuelekea mgongoni, kisha toka juu kuja chini. Mstari wa mkunjo ulio mwepesi ndio nyuzi zilikolalia, na unatakiwa uwe sambamba na mgongo. Vitabu viachie nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani, visimame, visibanwe. Kaskazi ikivuma vitoe, vifungue kurasa, lakini kivulini, maana juani jalada hujikunja.

Mwaka wenyewe, nikimtoa huyu bwana, ulikuwa wa neema, na sitaki hasira initie kwenye dhuluma. Nagona ya Kezilahabi, ya 1990, niliinunua kwake huyo huyo na ilikuwa halali, safi, imebana kama ilivyotoka kiwandani. Ni kitabu chembamba cha kusomwa mara mbili. Mara ya kwanza usitafute kisa, sikiliza sauti tu. Mara ya pili shika kalamu ya risasi. Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, inataka usome jina lake polepole kabla hujafungua: wale ni sisi. Ukishalikata hivyo, safari ya Dzombo baada ya kuhukumiwa kifo haikupotezi tena. Utengano ya Said Ahmed Mohamed niliipata ya mitumba. Kwa kuwa ilisomwa shuleni, pembezoni mwanafunzi ameandika TASHBIHI na MAUDHUI kwa kalamu ya wino, akampigia mstari Bwana Maksuudi kila anapotajwa. Wino haufutiki, usijaribu, karatasi itachanika. Ila nakala ile imeshonwa kwa uzi, imepita mikono mingi, na haijapoteza hata ukurasa mmoja.

Kipenzi changu cha mwaka ni Peponi. Hiyo ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, ya riwaya ambayo Abdulrazak Gurnah aliitoa kwa Kiingereza 1994. Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake, akiamini anakwenda kwa ami yake. Mtoto wa pwani anajua uzito wa kumwita mtu ami, na Kiswahili kinaubeba uzito huo bila maelezo. Nilipomaliza nilirudi kuagiza riwaya zaidi. Huko ndiko nilikokutana na "ruka tu".

Kwa haki yake, ndiye pekee niliyempata wa kutuma huku riwaya isiyo ya mtihani. Maduka mengi ukiulizia riwaya unajibiwa, "Hiyo haiko kwenye silabasi," unaonyeshwa madaftari na miongozo. Kwa hilo nilitaka kumpa nyota tatu. Nikiitazama Nagona yangu nampa tatu. Nikiifungua Vuta N'kuvute, ile sauti inarudi, nampa moja, na hiyo moja nampa kwa kuwa aliifunga vizuri kwa nailoni isilowe kwenye boti.

Kitabu nimekitengeneza mwenyewe. Mwenye nakala halali alinipa niirudufu sehemu iliyopungua: karatasi nne za A4, pande zote mbili, kurasa mbili kila upande. Karatasi ya nje inabeba 112 na 97 upande mmoja, 98 na 111 upande wa pili. Ukijumlisha kila jozi lazima upate 209, la sivyo umekosea mpangilio. Kunja, shona katikati kwa uzi wa pamba, matundu matano. Ng'oa mkunjo uliozidi, huu mpya uuingize kati ya 96 na 113. Vua jalada, gongesha mgongo mezani hadi ulingane, bana kwa mbao mbili na jiwe. Kata mifereji ya kina cha milimita 1 kwa msumeno mwembamba, kila sentimita 2, laza uzi ndani yake, paka gundi nyeupe ya seremala mara mbili, kisha bandika kitambaa cha pamba kabla ya kurudisha jalada. Acha siku mbili, wakati wa mvua tatu. Selotepu usiiguse: joto huiyeyusha, ikaacha unato wa manjano ulioshika vumbi. Na gundi kali ya matone hukauka kama kioo, ikavunjika ukifungua.

Sasa kimetimia. Ukikitazama ubavuni unauona mstari mweupe wa karatasi mpya katikati ya zile za kijivu, na kinafunguka bila kulia.

Nimebadili tena, nyota mbili. Namba yake bado ninayo, na nitamuulizia riwaya nyingine ya Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad. Ila kabla sijatuma hata shilingi anipigie picha kila panapoungana mikunjo: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, hadi mwisho wa kitabu. Na picha ya herufi a kwa karibu, nione kitundu chake.