Mabaki ya udongo: ununue nini kwanza kwa karakana ya ufinyanzi

Chini ya kila gurudumu la kufinyangia kuna ndoo ya mabaki: vikombe vilivyoporomoka, makwangua ya vitako, tope la kunawia mikono. Udongo ambao haujapita tanurini bado ni udongo, na inaniuma kuona ukimwagwa mtaroni huku mfinyanzi akilipia mfuko mpya.

Katika vifaa vya kurudisha mabaki haya kazini, ndoo sizipangi nafasi, hizo ni lazima. Chukua mbili za lita 20 zenye mifuniko; mweupe usikae na mwekundu. Mabaki yakauke kabisa, yavunje, kisha yatie majini bila kukoroga. Kipande kikavu hunywa maji na kusambaratika chenyewe. Chenye unyevunyevu hubaki bonge hata wiki nzima.

Nafasi ya kwanza naipa kibao cha plasta ya Paris (unga wa jasi), kinachonyonya maji ya uji wa udongo. Ukijitengenezea, nyunyiza kilo 10 za plasta kwenye lita 7 za maji, unene usipungue sentimita 5, kisha kiache kikauke vizuri. Pwani subiri zaidi. Ukitandaza uji wa udongo juu yake na kingo zikaanza kujibandua, geuza. Ukinunua kilicho tayari, dondoshea maji: yakinywewa papo hapo, lipa, yakituama, kiache. Kagua na pembe. Niliwahi kutumia kibao kilichomeguka, chembe kama punje ya mchele ikaingia udongoni. Bakuli lilitoka tanurini zuri kabisa, na wiki chache baadaye ubavu wake ukabanduka, ndani doa jeupe. Plasta iliyochomwa hunyonya unyevu wa hewani, ikavimba.

Ya pili ni foronya kuukuu au mguu wa suruali ya jinzi. Jaza uji, funga, tundika kivulini. Ni polepole, hasa masika, lakini karibu bure.

Ya mwisho, mashine ya kukanda udongo. Yenye pampu ya kunyonya hewa hutoa udongo usio na mapovu na huokoa viganja, ila bei yake ni maelfu ya dola kabla ya usafirishaji na ushuru. Mwenye gurudumu moja asiikopee. Karakana yenye wanafunzi wengi itaifaidi. Kama unafinyanga porselini, chagua yenye tumbo la chuma cha pua, kwani aluminiamu huliwa taratibu na kuchafua udongo. Na ikikaa bila kazi, ziba mdomo wake kwa kitambaa kibichi na nailoni: udongo ukikaukia ndani, utaifungua yote kwa spana.